Miezi minane na traka ya funguo: ilipofaa na iliponiacha

Nianze na siku niliyoamua kuinunua. Nimesimama mlangoni, mkoba begani, nimeshachelewa, natafuta funguo. Nimepindua mito ya kochi. Nimefungua friji (usicheke, mwezi uliotangulia niliikuta miwani yangu humo). Mfuko wa koti nimeupekua mara tatu, kana kwamba funguo zingejirudia zenyewe kwenye ile mara ya tatu. Binti yangu akatoka chumbani, akaniangalia kidogo, akasema, "Mama, hizo ulizoziuma ni za wapi?"

Nilikuwa nimezibana kwa meno ili mikono yote miwili ipate nafasi ya kuzitafuta.

Jioni ileile nikaagiza traka. Kwa asiyeijua: ni kidude cha plastiki, kikubwa kuliko sarafu kidogo tu, unakitundika kwenye pete ya funguo na kinaunganishwa na simu kwa Bluetooth. Funguo zikipotea, unafungua programu kwenye simu, unabonyeza, kidude kinalia. Yangu inafanya na kinyume chake: simu ikipotea, naibonyeza traka mara mbili, simu inaita hata kama nilikuwa nimeizima sauti. Sitaji kampuni, maana nimejaribu pia ya rafiki yangu iliyotengenezwa na watu wengine, na uzuri na udhaifu ni uleule.

Kazi ya kulia inaifanya, na inaifanya vizuri. Wiki ya kwanza niliitumia kila siku bila aibu. Chini ya kochi, ndani ya kiatu, kwenye kapu la nguo chafu, kote huko iliita nikaisikia. Ila umbali ulioandikwa kwenye boksi uchukulie kama maneno ya mchumba kabla ya ndoa. Walipima uwanjani. Ndani ya nyumba yenye kuta za matofali, mimi napata mita 10 hivi, na funguo zikiwa zimefunikwa na nguo nzito inabidi nizime redio na kuomba watu wanyamaze.

Kosa ambalo wengi hulifanya, nami nililifanya, ni kudhani kidude hiki kinajua kilipo duniani. Hakijui. Aina kama hii yangu haina GPS ndani, ndiyo maana betri ndogo ya kitufe inaweza kukaa karibu mwaka. Kinachojua mahali ni simu yako: inaandika palepale ilipoisikia traka kwa mara ya mwisho. Ukiangusha funguo ndani ya gari na gari likaondoka, ramani itaendelea kukuonyesha kituo uliposhukia. Baada ya hapo unategemea mtu mwenye simu inayoshiriki kwenye mtandao wa traka hizo apite karibu, simu yake iripoti kimyakimya. Penye watu wengi hiyo ni neema. Mahali pasipo na watu, sahau.

Hata hivyo hiyo "mara ya mwisho" imeniokoa kuliko mlio wenyewe. Mara mbili nimesimama nje ya nyumba usiku nikiwa na hakika funguo zimeanguka njiani, nikafungua programu, ikaniambia ziko kazini. Sikuzipata usiku ule, lakini niliacha kumulika mitaro.

Sasa kero. Kuna kipengele kinachopiga kelele ukiondoka ukaacha funguo nyuma. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Kwangu kililia nilipokwenda kumwaga taka, nilipokwenda kwa jirani, nilipopanda ghorofani, na wakati mwingine funguo zikiwa mfukoni mwangu. Baada ya wiki tatu sikio likazoea, likaacha kusikia. Siku nilipoziacha kweli, ilinipigia, nikaipangusa kwa kidole gumba kama ninavyopangusa matangazo, nikaenda zangu. Kengele inayolia kila saa haina tofauti na isiyolia.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni ugonjwa gani hasa nilionunulia dawa. Nilikuwa nikisema nasahau nilipoweka funguo. Si kweli. Sikuwahi kujua nilipoziweka. Mkono uliziweka, kichwa kilikuwa kwenye simu au kwenye ugomvi wa asubuhi, na kitu kisichoingia hakiwezi kutoka. Daniel Schacter, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyapanga makosa ya kumbukumbu katika mafungu saba, na hili la akili kuwa kwingine ni fungu lake peke yake, mbali na lile la kumbukumbu kufifia kadiri siku zinavyopita. Traka inatibu matokeo ya kosa hilo. Kosa lenyewe haligusi, na tena, nadhani, kwangu ililizidisha: nilipojua kuna kitu cha kulia, niliacha kabisa kuangalia mkono unafanya nini.

Dawa ya funguo ilikuwa msumari. Nimepigilia msumari ukutani kando ya mlango, usawa wa bega, na sheria ni moja: sivui viatu kabla funguo hazijaning'inia. Kwa miezi minne sasa sijabonyeza ile programu zaidi ya mara tano au sita.

Yako mambo mengine ambayo traka haina la kukusaidia. Dawa, kwa mfano. Nina kidonge kimoja cha kila asubuhi, na swali langu halikuwa "kiko wapi" bali "nimeshameza au bado?" Kitu unachokifanya kila siku kwa namna ileile hakiachi alama, leo inafanana na jana. Niliweka alamu kwenye simu, lakini alamu inakwambia saa imefika, haikwambii kama ulitii. Kilichomaliza mjadala ni kisanduku cha plastiki chenye vyumba 7, kimoja kwa kila siku. Chumba cha leo kitupu, nimemeza. Kimejaa, bado. Hakina betri wala sauti, na kama mtu angeniambia nichague kimoja kati yake na traka, nisingefikiri mara mbili.

Na lile la kuingia chumbani ukasimama katikati kama mgeni, hujui umefuata nini? Gabriel Radvansky na wenzake walichapisha majaribio mwaka 2011 yaliyoonyesha kwamba kupita mlangoni kwenyewe kunachangia, kana kwamba akili inafunga ukurasa wa chumba cha nyuma. Kilichonisikitisha ni kwamba kurudi kule walikotoka hakukuwasaidia washiriki, wakati mimi maisha yangu yote hurudi. Siku hizi natembea nikitamka: mkasi, mkasi, mkasi. Watoto wameshazoea.

Barua ya kutuma naiweka ndani ya kiatu. Hili ni bora kuliko alamu yoyote niliyowahi kutega, kwa sababu alamu hulia nikiwa bafuni au barabarani, mahali ambapo siwezi kufanya lolote zaidi ya kuizima. Kiatu kinanikumbusha pale mlangoni, dakika ileile ninayotoka. Peter Gollwitzer, ambaye ni mwanasaikolojia pia, ameandika tangu miaka ya 1990 juu ya mipango ya namna hii: badala ya "nitakumbuka kupiga simu", unasema "nikishaketi tu kwenye basi, napiga simu". Jambo jipya unalifunga kwenye jambo ambalo litatokea tu, utake usitake.

Daftari nalo nilijaribu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Langu lilipotea lenyewe, na habari zake. Nilifikiria kulitundikia traka ya pili, kisha nikaona sasa tunaelekea kubaya.

Niseme pia kwamba kabla ya yote haya nilimwona daktari, maana nilikuwa nimeshajipa ugonjwa mkubwa kimoyomoyo. Hakuniuliza habari za funguo hata kidogo. Aliuliza nalala saa ngapi, na natumia dawa gani za mafua. Usingizi wangu ulikuwa wa saa tano, na vidonge vya mafua vilikuwa vya aina inayoleta usingizi na kutia kichwa ukungu. Akapima damu, tezi ya shingo na vitamini B12, kwa sababu upungufu hapo nao huleta usahaulifu. Kama unasahau njia ya kurudi nyumbani, au ndugu zako wameanza kutazamana ukizungumza, usinunue kidude. Nenda ukapimwe.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa mtu anayesafiri au anayeangusha vitu nje, ningeongeza moja. Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya betri. Ni ile bapa ya kitufe, CR2032, volti 3, na kuna zinazopakwa kitu kichungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Jambo jema, maana betri hiyo ikikwama kooni huunguza vibaya ndani ya saa chache. Lakini yangu yenye uchungu haikugusana sawasawa na traka, ikabidi nitafute isiyopakwa, kisha niifiche mbali na mjukuu wangu ambaye hutia kila kitu kinywani.

Jumatatu programu ilinionya kuwa betri iliyomo inakwisha. Ya akiba ninayo. Niliificha vizuri sana, na leo ni Alhamisi.