Uzoefu wangu: Magens Bay, St. Thomas, na watoto na mama mkwe

Ukiwa na watoto wadogo, ufukwe unaupima kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: choo kiko wapi, na mtoto akipiga hatua kumi kutoka mchangani maji yanamfika wapi. Rangi ya bahari naipenda kama kila mtu, lakini rangi haimsaidii mtoto wa miaka minne aliyebanwa. Magens Bay, kaskazini mwa kisiwa cha St. Thomas, imenipa jibu zuri kwa yote mawili kuliko ufukwe mwingine wowote niliowahi kuipeleka familia yangu. Kwa Kiswahili sikupata mtu aliyeueleza, basi naueleza mimi, hasa kwa wenzangu tulio Marekani ambao likizo ya shule ikikaribia tunaumiza kichwa tuwapeleke wapi watoto, tena na bibi yao.

Maana sisi tulikwenda na mama mkwe. Ni mtu wa Tanga, bahari anaijua tangu utotoni, na kumridhisha kwa habari ya bahari si kazi ndogo.

St. Thomas ni mojawapo ya Visiwa vya Virgin vya Marekani, katika bahari ya Karibi. Vilikuwa vya Denmark mpaka Marekani ilipovinunua mwaka 1917. Kwa hiyo hela ni dola, na kutoka Atlanta tunakoishi kuna ndege ya moja kwa moja. Tulikwenda mwezi wa Machi. Msimu wa vimbunga unaanza Juni mpaka mwisho wa Novemba, na wenyeji bado wanazungumzia Irma na Maria, vimbunga viwili vilivyovipiga visiwa hivi ndani ya Septemba moja, mwaka 2017. Sikutaka kubahatisha na watoto.

Tulikodi gari. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama nyumbani, ila magari yametoka Marekani bara, kwa hiyo usukani nao uko kushoto. Dereva anakaa ukingoni mwa barabara badala ya katikati. Mume wangu alijifunzia gari Tanga, akadhani atakuwa nyumbani. Kumbe jicho lilimchukua muda kuzoea. Barabara ya kushukia ufukweni ni mteremko mkali wenye kona nyingi. Kabla ya kushuka simameni Drake's Seat, pale juu mlimani, muitazame ghuba yote kwa chini: milima ya kijani pande zote, maji katikati, na mstari mweupe wa mchanga wenye urefu wa karibu maili moja. Asiyetaka kuendesha apande safari, ndivyo wanavyoziita teksi zao: malori madogo yaliyofungwa mabenchi nyuma na paa juu, pande ziko wazi.

Getini unalipa kiingilio. Kuna watu wanaolalamika kulipia bahari, mimi silalamiki. Ardhi ile tajiri mmoja, Arthur Fairchild, aliitoa zawadi kwa watu wa visiwa mwaka 1946, na mpaka leo ni mali ya umma. Hakuna hoteli iliyojengwa mchangani, hakuna ukuta, hakuna mlinzi wa kukuuliza wewe ni mgeni wa nani. Nimekulia pwani ambako njia za kuteremkia baharini zimekuwa zikizibwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo kuona familia za kisiwani zimetandika mikeka yao bega kwa bega na wageni kulinigusa sana. Kiingilio kama hicho nalipa kwa moyo mweupe.

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo tuliyoyafuata. Ghuba imeingia ndani sana ya kisiwa, na upande wa kaskazini-mashariki imekingwa na rasi ndefu ya milima iitwayo Peterborg. Pepo za kule huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Rasi inazipokea, na maji ya ndani yanabaki yametulia. Mchanga unateremka polepole. Mdogo wetu alikaa kitako majini, maji yakamfika kifuani, nami nimekaa kando yake, na hakuna wimbi lililompiga usoni. Miezi ya baridi, bahari ikichafuka mbali huko kaskazini, mawimbi yanaweza kuingia mpaka ndani, kwa hiyo ukifika waulize kwanza waokoaji hali ikoje.

Lakini kilichomshangaza mama mkwe ni kitu kingine. Sisi watu wa Tanga, Mombasa na Unguja tunaishi kwa saa za maji. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi umeogelea karibu na nyumba, mchana bahari imeondoka mpaka kwenye mwamba na watu wanatafuta pweza palepale ulipokuwa ukiogelea. Basi jambo la kwanza alilofanya mama alipofika ni kuokota kijiti na kukichomeka mchangani pale maji yalipoishia, ajue yanajaa au yanakupwa, ndipo tupange vitu vyetu. Akakaa anakitazama. Saa sita kijiti kipo, kimelowa kidogo kwa chini. Saa tisa kipo vilevile. Akanigeukia: “Mwanangu, maji ya huku hayaendi popote?” Kweli hayaendi. Sehemu ile ya Karibi tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Kwa mzazi hiyo ni nafuu kubwa sana. Mkeka uliotandika asubuhi hauuhamishi, na kina ulichokipima saa tatu ndicho utakachokikuta saa tisa. Sikujua jinsi saa za maji zilivyokuwa zimenikaa kichwani mpaka siku ile nilipoacha kuzihesabu.

Kisha kuna ndege waitwao mwari. Wako wengi, na hawaogopi watu. Karibu na ukingo kunapita makundi ya visamaki kama dagaa, na mwari anazunguka juu yao, mara anakunja mbawa na kujitupa kichwa mbele, hatua chache tu kutoka walipo waogeleaji. Akiibuka anainamisha mdomo mpaka maji yote yatoke kwenye ule mfuko wa chini, kisha anarusha kichwa nyuma, na unaiona kabisa shingo ikimeza. Binti yetu wa miaka tisa alitoka majini akakaa kuwatazama tu. Pembeni, kwenye nyasi za baharini, mume wangu alivaa miwani ya maji akamwona kasa anakula bila wasiwasi. Ila nisikudanganye: kama unatafuta matumbawe na samaki wa rangi, sehemu kubwa ya Magens Bay ni mchanga mtupu. Kwa hayo nenda Coki Beach, mashariki mwa kisiwa. Kwa familia yenye watoto wadogo naipa Magens nyota tano. Kwa vijana wa kuzamia, tatu.

Huduma zipo na ziko karibu. Vyoo, mabafu ya kujimwagia chumvi, mabanda yenye meza, mahali pa kula na kunywa, duka dogo, viti na kayaki za kukodi. Kubwa kuliko yote ni waokoaji. Fukwe nyingi za kisiwa hazina, hapa wapo, na si wa kupamba. Nilimwona mmoja akimpigia filimbi baba aliyekuwa anamvuta mwanawe juu ya boya kuelekea kwenye kina, mpaka akarudi. Kwenye mabafu msikae sana na msiache bomba wazi. Nyumba nyingi za kisiwani hutegemea maji ya mvua yanayokingwa juu ya paa na kuhifadhiwa kwenye birika chini ya nyumba, na tulikopanga tuliombwa mapema tuyatumie kwa uangalifu. Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Wanaojiuliza kuhusu stara: mama aliingia baharini na dera lake, mimi na vazi refu la kuogelea, na hakuna aliyetukodolea macho. Adhuhuri tulitia udhu bombani, tukaswali mwisho wa ufukwe chini ya miti, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Baa ipo, lakini ufukwe ni mrefu. Ukienda mbali kidogo na majengo, muziki huusikii. Na wenyeji wenyewe wana adabu zao. Huko mjini Charlotte Amalie kutembea na nguo za kuogelea ni aibu, na popote uingiapo, iwe dukani au kwenye teksi, unasalimu kwanza ndipo useme shida yako. Nimeona wageni wakijibiwa kwa ubaridi na wasijue kosa lao. Watoto wangu walisalimu kila mtu, na kila mtu aliwachangamkia.

Chakula cha ufukweni ni baga na chipsi, nacho ni ghali, kwa sababu karibu kila kitu kisiwani kimeletwa kwa meli. Siku zilizofuata tulibeba deli la barafu na chakula chetu. Cha kula kweli kiko mjini. Tafuta fungi na samaki wa mchuzi. Mama mkwe aliimega kwa mkono, akatafuna, akasema, “Ugali wenyewe huu, wameusonga na bamia.” Akamaliza sahani. Juisi ya ukwaju ipo pia, na pate zao za kukaanga zenye nyama au samaki ndani watoto walizigombania.

Yaliyonikera ni mawili. La kwanza ni meli za watalii. Siku meli kubwa zikiwa bandarini, kuanzia saa nne asubuhi zile safari zinamwaga watu, na eneo la karibu na vyoo na baa linajaa kabisa. Ratiba za meli ziko wazi kwenye intaneti. Chagua siku yenye meli chache, au fika mapema na ukae upande wa mbali. La pili ni usubi. Jua likianza kuteremka wanatoka mchangani, hawaonekani, na wanauma vibaya. Mdogo wetu alilala na vipele miguuni. Saa kumi na nusu anza kukusanya vitu.

Jambo jingine ambalo si kero bali ni la kujua: mafuta ya kukinga jua. Tangu mwaka 2020 visiwa hivi vimepiga marufuku yale yenye oksibenzoni, oktinoksati na oktokrileni, kwa kuwa yanadhuru matumbawe. Soma kopo kabla hujafunga begi. Yenye madini ya zinki yanaruhusiwa. Weusi wetu usikudanganye, jua la pale linaunguza, na mabega ya mume wangu yalibabuka.

Mwisho, karatasi. Kwenda hakuna aliyetuuliza kitu zaidi ya kitambulisho cha kawaida cha ndege. Kurudi ni tofauti: uwanjani St. Thomas kila abiria wa Marekani bara anapita kwa maofisa wa forodha na uhamiaji kabla ya kupanda ndege. Raia hahitaji pasipoti, lakini mwenye kadi ya ukaazi aibebe kadi yenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi. Ndege nyingi huondoka mchana kwa wakati mmoja na foleni inakuwa ndefu, kwa hiyo fikeni masaa matatu kabla ya ndege kuondoka, na mzee mtafutieni kiti mapema.