Uzoefu wangu na kitabu cha Edward Tyson cha 1699: sokwe aliyepasuliwa London

Jina lake ni refu, kama yalivyokuwa majina ya vitabu vya zama zile: Orang-Outang, sive Homo Sylvestris: or, the Anatomy of a Pygmie. Kilichapwa London mwaka 1699. Mwandishi, Edward Tyson, alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, na kabla ya hapo alikwishapasua pomboo na nyoka mwenye kayamba mkiani. Jina la kitabu lisikuchanganye. Mnyama anayeelezwa ndani si orangutangu wala si mbilikimo. Ni sokwe mtoto aliyeletwa kwa meli kutoka Angola na kufa mwaka 1698.

Kwanza suala la nakala. Nilinunua ile ya karatasi inayochapwa mtu akiagiza, na siipendekezi kwa yeyote. Kitabu kina michoro minane katika kurasa za kukunjua, na mchapaji wangu (simtaji) aliipiga picha ikiwa bado imekunjwa, kwa hiyo sokwe wangu hana miguu. Mengine yote niliyasomea kwenye skani ya bure ya Internet Archive. Kiingereza chake kinahitaji subira: s nyingi zina umbo la f, na Kilatini na Kigiriki vinamwagwa bila tafsiri. Ukishazoea, unakwenda.

Sehemu ya anatomia ndiyo inayokilipa kitabu. Tyson anaanzia kwenye ngozi na nywele, anashuka matumboni, anafika kwenye ubongo, kisha mifupa na misuli, akisaidiwa na mpasuaji William Cowper, ambaye pia ndiye aliyechora. Kila kiungo anakiweka kati ya binadamu upande mmoja na nyani na tumbili upande wa pili, halafu anauliza kinaelekea wapi. Kidole tumbo kipo, kama chetu. Mbavu ni jozi 13, sisi tuna 12. Kidole gumba cha mguu kimekaa kama cha mkono, ndiyo maana anasema mnyama huyu ni wa mikono minne kuliko wa miguu minne. Mwishoni anatoa hesabu: mambo 48 ambayo sokwe anafanana na binadamu kuliko nyani na tumbili, na 34 ambayo anaachana na binadamu na kuwaelekea hao. Ninachokipenda ni kwamba safu zote mbili zimechapwa. Angetaka kumshtua msomaji, safu ya kwanza peke yake ingemtosha.

Ubongo ulimtatiza. Aliukuta unafanana mno na wa mtu, na zoloto (kisanduku cha sauti kooni) pia, lakini mnyama hasemi. Jibu lake ni kwamba kuwa na kiungo si kuwa na kazi yake, na kwamba akili ya binadamu ina chanzo kingine kilicho juu ya mwili. Hapo anaongea muumini, si mpasuaji, ila hafichi alichokiona kwenye meza yake.

Kuna vijisehemu vya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Yule mtoto alizoea nguo, na asiyoweza kuivaa mwenyewe alimpelekea mtu amsaidie. Alilala kitandani kichwa juu ya mto, akajifunika shuka, kisha akajisaidia humohumo. Alipofika mikononi mwa Tyson alikuwa amejaa chawa.

Kosa kubwa la kitabu liko kwenye mchoro wa kwanza: sokwe amesimama wima, ameshika fimbo. Tyson alimwona kwa macho yake akitembea kwa vifundo vya vidole, akaliandika jambo hilo, lakini akalihesabu kuwa dalili ya udhaifu wa mgonjwa. Yeyote aliyewaona sokwe wa Gombe au Mahale wakishuka mlimani anajua kwamba huo ndio mwendo wao wa afya.

Insha ya mwisho iruke, au isome kwa tahadhari. Humo Tyson anajitahidi kuthibitisha kwamba mbilikimo wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, wale waliopigana na korongo, walikuwa nyani wala hawakuwa watu kamwe. Kwa msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi, ambako Watwa, watu wanaoitwa mbilikimo, ni majirani na raia wenzake, kurasa hizo zinachoma. Kisu kilichokuwa makini mezani kimewekwa chini, na vitabu vya kale vimeshika nafasi yake.

Kwa ujumla natoa nyota nne. Mwaka 1863 mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley, katika kitabu chake kuhusu nafasi ya binadamu katika maumbile, alikitaja hiki kuwa maelezo ya kwanza ya nyani anayefanana na mtu yanayostahili kuitwa ya kisayansi, na baada ya kuisoma ile orodha ya 48 na 34 simpingi. Walimu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita wanaweza kuchapa orodha hiyo tu na mchoro wa mifupa. Mifupa yenyewe bado ipo, Natural History Museum, London.