Bodi ya balani ya antena ya spirali, GHz 1 hadi 6: uzoefu wangu

Nyota tatu, na nitaeleza mbili zimekwenda wapi.

Balani ni kiungo kati ya kebo na antena yenye mikono miwili. Hii niliinunua mtandaoni kwa ajili ya spirali ya Archimedes niliyoichapisha mwenyewe kwenye FR4 (bodi ya kawaida ya saketi), kipenyo sentimita 10. Mzingo wake unazidi sentimita 30, urefu wa wimbi la GHz 1, kwa hiyo antena yenyewe inafika huko chini. Kilichobaki ni kuilisha. Mikono yake miwili inataka mikondo ya umeme iliyo sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo, jambo ambalo kebo ya koaksia haitoi. Halafu kuna impidansi, yaani upinzani ambao mawimbi yanakutana nao: kwa hesabu, spirali yenye shaba na nafasi sawa ina omu 188. Ikikaa juu ya FR4 inashuka, ila haifiki 50 za kebo. Bodi inatoka omu 50 kwenda 120, na shaba ya ardhi inapungua polepole hadi ilingane na ukanda wa juu.

Imetengenezwa vizuri, konekta ya SMA imekaa imara. Kulehemu zile ncha mbili katikati ya spirali ndiko kunakotoa jasho: nafasi ni kama milimita moja, na lehemu ikizidi kidogo tu umeunganisha mikono yote miwili. Tumia kioo cha kukuzia.

Kwenye VNA (kifaa kinachopima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena), wimbi linalorudi liko chini ya desibeli -10, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu, karibu masafa yote. Wengi wanapima hivyo, wanaridhika, wanatoa nyota tano. Mimi nikaishika kebo kwa kiganja huku nikitazama skrini. Kuanzia GHz 2 kwenda juu mstari umetulia. Karibu na GHz 1 unacheza kila nikisogeza mkono, maana yake mkondo unapita nje ya kebo, na kebo nayo imegeuka antena.

Rula ingetosha kulitabiri hilo. Bodi ina sentimita 6. Mpito wa namna hii unataka karibu nusu ya urefu wa wimbi kwenye masafa ya chini kabisa, na juu ya FR4 nusu hiyo kwa GHz 1 inapita sentimita 8. Muuzaji anajua, au anapaswa kujua.

Spirali nzuri hutoa wimbi linalozunguka, kwa hiyo dipoli (antena ya fimbo iliyonyooka) ikizungushwa mbele yake inapaswa kupokea nguvu ileile. Nilipoizungusha, kwenye GHz 3 nguvu ilibadilika kidogo tu. Kwenye GHz 1 ilipanda na kushuka vibaya, na boriti ilikuwa imeinama upande.

Kwa Wi-Fi ya GHz 2.4 na 5, nunua, bei ni ya haki. Kwa chini ya hapo, dai kwanza matokeo ya kupima bodi mbili zilizounganishwa ncha kwa ncha. Au achana na bodi, ufuate njia ya John Dyson wa Chuo Kikuu cha Illinois, miaka ya 1950: kebo inalehemiwa juu ya mkono mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, na kebo bubu (isiyounganishwa na redio) juu ya mkono wa pili ili mikono ilingane. Mikono iwe mipana kuliko kebo, na impidansi utaishughulikia mwenyewe.