Oili ya injini kwa magari ya Nyanda za Juu Kusini: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukiingia duka la spea Mwanjelwa ukaomba oili ya injini, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Nzito au nyepesi?" Nimeulizwa hivyo Mbeya, nimeulizwa Makambako, nimeulizwa Mafinga. Na kwa miaka minne nilijibu "nzito", kwa sababu fundi wangu wa wakati ule aliniaminisha kwamba injini iliyokwisha kutembea sana inataka oili nzito ili ishikilie. Nilimwamini, nikazika injini.

Gari lilikuwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ, ile ile iliyomo kwenye Probox, Raum, Premio ya 1500 na magari mengine mengi unayopishana nayo kila siku kati ya Uyole na Mbalizi. Asubuhi za Julai, saa kumi na mbili kasoro, nikiwasha ilikuwa inapiga ta-ta-ta-ta huku taa nyekundu ya oili ikichelewa kuzimika, kisha inatulia. Nilidhani ni baridi tu, kila gari lina mambo yake. Siku kelele zilipokataa kutulia, fundi mwingine akafungua kava ya juu ya injini. Nilitegemea kuona chuma. Nilichokiona ni kitu cheusi kama lami inayoanza kupoa, kimejaa kila kona, na fundi alipokichota kwa bisibisi kilibaki kimeganda kwenye ncha bila kudondoka. Chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lilikuwa limezibwa na uchafu huo huo.

Makosa yalikuwa matatu, na yote yangu: oili isiyo ya injini ile, kuchelewa kumwaga, na madumu ya bei chee ambayo nina hakika angalau moja lilikuwa la kujaziwa mtaani. Tangu hapo nimejifunza kununua oili kama mtu anavyonunua dawa.

Kabla ya kwenda dukani, fungua boneti

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Usikate tamaa. Angalia kwanza kifuniko cha kumiminia oili juu ya injini, kwa sababu magari mengi yana namba imeandikwa pale pale: 5W-30, au 0W-20. Kisha angalia kwenye ukingo wa mlango wa dereva au kona ya boneti, maana gereji za Japani hubandika stika kila wanapobadilisha oili. Maandishi hutayaelewa, lakini tarakimu ni zile zile. Ukiona H28 ni mwaka 2016, R3 ni 2021; Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Utaona na kilomita za siku ile, na mara nyingine aina ya oili. (Ukikuta kilomita za kwenye stika zinazidi zilizopo kwenye dashibodi, mwite aliyekuuzia gari.)

Sasa hizo namba. Ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili inawahi kupanda juu ya injini asubuhi. Ya pili inaeleza unene wake injini ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 na 20W-50 zinatofautiana asubuhi, na zinatofautiana pia ukiwa katikati ya Mlima Kitonga. Kwenye moto huo oili ya 50 inakuwa nzito kuliko ya 30 kwa kama nusu zaidi, au hata kuizidi hapo. Injini ya 1NZ imetengenezwa na nafasi finyu kati ya vyuma vyake, ina taiming cheni inayokazwa kwa presha ya oili, na ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, unaofanya kazi kwa oili inayopita kwenye vijitundu vidogo sana. Ukiipa uji mzito, vyote hivyo vinasubiri.

Watu wa Dar es Salaam wanaweza kubishana kuhusu W kwa sababu asubuhi kwao ni joto. Sisi Juni na Julai tunaamka Uyole na nyuzi chini ya 10, Makete na Kitulo wanaamka na sakitu kwenye majani. Ushauri wa oili unaotoka pwani usiupokee mzima mzima.

Jambo la tatu la kusoma ni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Zikianza na S ni oili ya petroli, zikianza na C ni ya dizeli, na nyingine zina zote mbili. Kwa petroli, SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kipya kinaweza kuchukua nafasi ya cha zamani, ila cha zamani hakichukui nafasi ya kipya. Bado yako madumu yanayouzwa kwa bei ya kuvutia yakiwa na SF, kiwango ambacho API wenyewe wanasema hakifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. Dumu linang'aa, lina picha ya gari la mashindano, na nyuma kwa maandishi madogo ni SF. Ligeuze usome.

Ya kwanza: 5W-30, SN au SP, sintetiki

Kwa gari la petroli la Kijapani la miaka ya 2000 kuja juu, linaloishi huku milimani, hii ndiyo ninayoiweka juu bila kusita. Inapanda haraka asubuhi ya baridi, na ikishuka Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa bado inalinda. Nilipoiweka kwenye injini ya pili ya gari langu, ile ta-ta-ta ya asubuhi ilikwisha siku ya kwanza. Taa ya oili inazimika kabla sijafunga mkanda.

Usichanganye namba na aina. Iko 5W-30 sintetiki kamili, iliyoundwa kiwandani, na iko ya nusu sintetiki, iliyochanganywa na oili ya kawaida. Kama mfuko unabana, nusu sintetiki ya SN yenye namba sahihi ni bora kuliko sintetiki ya bei kubwa yenye namba ya gari lingine. Zile za Toyota zenyewe ni nzuri. Makampuni makubwa ya vilainishi nayo yana ngazi zao, kwa mfano Quartz ya Total hupanda kutoka 5000 ambayo ni ya kawaida, kwenda 7000 ya nusu sintetiki, hadi 9000 ya sintetiki. Namba hizo za ngazi hazikuambii unene, kwa hiyo usiishie kusema "nipe elfu tisa." Taja na unene unaoutaka.

Kama kifuniko chako kinasema 0W-20, gari lako huenda ni la miaka ya karibuni au haibridi kama Aqua. Tafuta 0W-20 yenyewe. Ukiikosa kabisa, 5W-30 itakusogeza hadi utakapoipata.

Ya pili: 10W-30

Inapatikana kirahisi zaidi na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwa baridi yetu, ambayo haifiki ile ya kugandisha injini, tofauti na 5W-30 ni ndogo. Kama kifuniko kinasema 5W-30 na dukani imebaki 10W-30 ya SN, chukua bila wasiwasi.

Ya tatu: 10W-40 au 15W-40, kwa gari linalokula oili

Hapa ndipo neno la fundi kuhusu injini iliyochoka lina ukweli wake, na nataka nimpe haki yake. Injini ambayo imeanza kula oili, iliyotembea mno, inayopanda Kitonga na mzigo kila wiki, inaweza kupumua vizuri kwenye 40. Lakini kwanza ujue inakula kiasi gani. Pima kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, andika kilomita, pima tena baada ya kilomita 1,000. Toyota kwenye vitabu vyao wanahesabu lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndiyo mwisho wa kuvumilika. Ukiwa chini ya hapo, kubali kuwa unaongeza kidogo kidogo na uendelee na oili yako. Ukizidi, na moshi wa bluu unaonekana, mwambie fundi aangalie valvu ya PCV inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, ambayo ni spea ndogo ya bei ndogo, kisha sili za valvu, kisha ringi. Kuongeza uzito wa oili kabla ya hapo ni kumpa mgonjwa shuka.

Kwa dizeli mambo ni mafupi. Hiace ya 5L, Land Cruiser ya 1HZ, Canter: 15W-40 ya CI-4 au zaidi, kutoka kampuni inayoeleweka, na umwage kwa wakati, maana masizi ya dizeli hujaza oili haraka. Dizeli mpya zenye chujio la moshi kwenye ekzosi zina oili yao maalumu, fuata kitabu.

Ya nne: 20W-50

Hii ndiyo inayouzwa sana na ndiyo nafuu. Ina wateja wake halali: injini za zamani za miaka ya themanini na tisini zilizoundwa kwa ajili yake, hasa zikiwa Usangu au Kyela kwenye joto. Kwa IST, Vitz, Passo au Spacio inayolala Njombe, hapana.

Ya mwisho, na usiinunue kabisa: oili ya kupima

Oili inayochotwa kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa ya maji. Huwezi kujua namba, huwezi kujua herufi, huwezi kujua ilikuwa ndani ya nini kabla. Wenye bodaboda wanainunua sana na ninawasikitikia. Pikipiki klachi yake inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, inahitaji yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Hata mabaki ya 5W-30 ya gari lako usimpe kijana wa bodaboda kama zawadi. Huenda klachi yake ikaanza kuteleza akiwa na abiria kwenye mteremko wa Iwambi.

Kuhusu madumu feki

Nenda kwenye duka ambalo kesho utalikuta, na udai risiti yenye jina la oili. Angalia pete ya kifuniko kama imeshikana na haijafunguka, angalia karatasi ya ndani kama imeziba mdomo wote bila mikunjo ya pasi, angalia kama namba ya toleo na tarehe zimechapwa kwenye dumu lenyewe na hazifutiki kwa kidole. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka matatu ya jirani, jibu unalo. Na usimtume mtu. Nenda mwenyewe, simama wakati linafunguliwa.

Hesabu ya kweli ya bei

Usilinganishe dumu kwa dumu, linganisha kwa kilomita. Chukua mfano huu wa hesabu tu: dumu la shilingi 50,000 na filta ya 10,000, unamwaga kila kilomita 3,000, hiyo ni shilingi 20 kwa kilomita. Dumu la 90,000 na filta ile ile, unamwaga kila 6,000. Ni chini ya shilingi 17. La bei kubwa ndilo rahisi, na umeenda gereji mara nusu.

Usinyooshe zaidi ya hapo. Toyota Japani huandikia magari mengi ya petroli yasiyo na tabo kilomita 15,000 au mwaka 1, lakini kwa matumizi magumu wanakata nusu: 7,500 au miezi 6. Matumizi magumu wanayoyataja ni milima, vumbi na safari fupi fupi. Hapo wameieleza barabara ya Chunya, ya Matamba, na safari ya kutoka Soweto kwenda Kabwe na kurudi. Mimi namwaga kwa 5,000, na filta kila mara.

Safari fupi wakati wa baridi zina jambo moja linalowatisha watu. Unafungua kifuniko cha oili unakuta utando mweupe kama maziwa ya mtindi. Fundi mwenye haraka atakwambia gasketi ya silinda hedi imekufa. Kwanza tazama maji ya rejeta kama yanapungua, na dipstiki kama oili yake nayo ni nyeupe. Kama maji yapo palepale na oili kwenye stiki ni safi, huo ni mvuke ulioganda kwa sababu injini haipati moto wa kutosha. Endesha hadi Tukuyu na kurudi, futa kifuniko, angalia tena.

Siku ya kumwaga

1NZ inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Dumu ni lita 4. Mafundi wengi humimina lote, "isibaki bosi," na oili ikizidi krenki inaipiga hadi povu, na povu halilainishi kitu. Mwambie aache kidogo, awashe injini dakika moja, azime, asubiri, kisha apime gari likiwa sehemu tambarare. Kesho yake asubuhi pima mwenyewe kabla ya kuwasha. Mstari uwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu.

Oili chafu muachie fundi kwenye pipa lake. Wanaojenga huja kuichukua kupaka mbao dhidi ya mchwa. Isiende kwenye mtaro, maana mitaro yetu inaishia mtoni na chini huko watu wanamwagilia mboga. Na dumu tupu usiliache zima. Mwezi uliopita nililitoboa langu kwa bisibisi mara tatu pale gereji, kijana mmoja anayejifunza ufundi akashangaa: "Kaka, dumu zuri hivyo, si ungenipa nikachotee maji?" Nikamweleza wanaonunua madumu mazima wanayafanyia nini. Akalitazama, akalichukua hivyo hivyo na matundu yake, akasema mama yake atapandia maua.