TAHADHARI: Plaiwudi "ya marini" feki na "epoksi" ambayo siyo epoksi, wajenzi wa boti za nyumbani kuweni macho

Wakuu habari zenu. Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikijiuliza niliandike au ninyamaze mana aibu nayo ipo, mtu mzima kuingizwa mjini na akili zangu timamu, ila juzi nikaona tangazo la jamaa yuleyule limerudi kwa jina jingine na picha zilezile, nikasema hapana, hapa kuna mtu atakuja kuzama.

Kwa kifupi kuna muuzaji mtandaoni anauza "seti kamili ya kujenga boti nyumbani": plaiwudi ya marini (ya kujengea boti, inayohimili maji) mm 6, epoksi (resini ya kugundishia) na hadena yake (dawa ya kuigandisha), faiba, waya wa shaba wa kushonea, mpaka glavu kaweka. Mimi nilikuwa natafuta vifaa vya kijiboti cha futi 12, kile cha kushona mbao kwa waya afu unajaza kona za ndani uji mzito wa resini na unga wa mbao, unafunika na utepe wa faiba, waya unakata, basi. Ndo boti yangu ya kwanza, na jamaa naona alinijua kwa maswali yangu tu. Bei yake ilikuwa chini ya wengine ila siyo chini ya kutisha, na hapo ndo ujanja ulipo, angeweka bei ya bure ningeshtuka. Nikalipa yote kwa mkupuo. Mzigo ukaja, na kwa hilo nampa haki yake, siyo wale wa kula hela na kupotea. Huyu anakutumia mzigo kweli, tatizo ni huo mzigo wenyewe.

Plaiwudi zilikuja nne, zina muhuri mzuri tu wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya marini) umegongwa kwenye kona, na kingo zote zimepakwa rangi ya kahawia. Nikamuuliza rangi ya nini, akaniambia ni ya kuzuia unyevu wakati wa kusafirisha. Nikaona huyu mtu anajali. Kumbe rangi ya kingo ndo pazia lenyewe, mana plaiwudi inasomwa ubavuni, ukipaka ubavu rangi huoni idadi ya tabaka wala matundu.

Dalili ya kwanza niliipata nikiunga mbao mbili ili nipate urefu wa futi 12. Wanaojua wanajua, unaranda mwisho wa kila ubao kwa mshazari, urefu wa mshazari mara 8 ya unene, kwa mm 6 ni kama sentimita 5 hivi, afu unalaza mmoja juu ya mwingine na gundi. Sasa ukiranda plaiwudi nzuri ile mistari ya gundi kati ya tabaka inajitokeza imenyooka, sambamba, kama mtu kachora kwa rula. Kwa mm 6 ya marini ya kweli nilitegemea tabaka 5 yani mistari 4. Mimi nikapata mistari miwili, na yenyewe inapinda kama njia ya nyoka. Tabaka tatu tu! La kati nene, jeupe, laini, na yale ya juu na chini ni membamba hivo kwamba nilipiga msasa mara tatu nne nikatokea upande wa pili.

Hapo mwenye akili angesimama. Mimi nikaendelea, nikajiambia faiba itafunika.

Nikakata pande zote, nikatoboa, nikaanza kushona. Kwenye kukunja ubavu kuuleta kwenye omo (mbele ya boti), pale mkunjo unapokuwa mkali, nikasikia PAA! ubao umevunjika mikononi. Nikaangalia pale palipovunjika, ndani kuna tundu, nikaingiza penseli ikazama nusu. Tabaka la kati lilikuwa vipande vipande vimepangwa bila kukutana, juu wamefunika na vinia (tabaka jembamba la mbao) nzuri unaona uzuri tu. Na fikirieni, hilo tundu lingekaa chini ya faiba, maji yakipenya kwenye tobo dogo la skrubu yanakaa humo ndani hayaoni jua, mbao inaoza taratibu na wewe nje unaona rangi inang'aa.

Jioni ile nikachukua kipande kilichobaki nikakitia kwenye sufuria nikachemsha. Plaiwudi ya marini gundi yake inatakiwa ihimili kuchemshwa, siyo dakika, masaa na masaa. Yangu sijafika hata nusu saa nikaona kona inafunguka, nikaitoa kwa koleo, nikaivuta kidogo kwa kucha, ikaachana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Maji yamekuwa ya maziwa. Nilikaa pale jikoni nikaiangalia ile sufuria muda mrefu.

Sasa nije kwenye "epoksi", mana hapa ndo hatari zaidi.

Dumu limeandikwa epoksi kubwa kabisa. Pamoja nalo kakichupa kadogo ka maji maji meupe, maelezo yanasema weka asilimia 2. Mimi sikuwa najua. Nikajaza kona ya majaribio kwenye vipande vya mbao, kesho yake juu bado inanata, ukigusa alama ya kidole inabaki. Nikampigia jamaa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, "kaka umekosea vipimo, wewe ongeza dawa mara mbili tatu." Nikaongeza. Jamani kikombe kilianza kuwa cha moto, mara moshi, mara plastiki inalegea nikakitupa nje kwenye mchanga. Ile dawa ya kwenye kichupa ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha, na mimi siku ile miwani sikuvaa. Muuzaji anamwambia mteja aongeze!

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa boti, nikamfungulia dumu. Hakugusa, alinusa tu. "Mwanangu, nani kakwambia hii ni epoksi?" Ile harufu kali kama tamu tamu inayopanda mpaka kwenye paji la uso ni ya poliesta, aina nyingine ya resini. Akanieleza vizuri, epoksi hadena yake ni nyingi, unachanganya mbili kwa moja au tano kwa moja kutegemea na aina, huwezi kuigandisha kwa matone. Ukiona kichupa cha kudondoshea asilimia moja mbili, hiyo ni poliesta hata kama wameandika epoksi kwa dhahabu. Na kule kunata juu ni kawaida ya poliesta isiyo na nta, inapogusana na hewa juu haikauki vizuri, kwa hiyo sikukosea vipimo, na kuongeza dawa hakusaidii kitu. Epoksi nayo ukizidisha hadena haigandi haraka, inabaki laini maisha yake yote.

Poliesta siyo mbaya jamani, maboti mengi ya faiba tupu yanayotoka kwenye moldi ni poliesta na yanadumu miaka. Shida yake ni mbao, haiishiki vizuri. Mzee akachukua kile kipande changu cha majaribio, akakigonga na nyundo mara moja tu, kona nzima ya resini ikachomoka safi kama ganda la yai, chini mbao nyeupe haina hata unyuzi uliotoka nayo. Afu akanipa kipande chake cha epoksi nikivunje. Nilivunja kwa kukanyaga, na kilichovunjika ni mbao, pale kwenye gundi pakabaki. Boti ya kushona haina misumari wala mataruma (mbavu za ndani) ya kuishikilia, ni zile kona tu, sasa kona zikichomoka ukiwa maji marefu unafanyaje.

Hata faiba aliyoniuzia inamchongea. Ni ile ya mati, nyuzi zilizokatwakatwa zimeshikanishwa na unga unaoyeyuka kwenye poliesta. Kwa epoksi watu wanatumia kitambaa cha kufuma. Yani jamaa anajua kabisa anachouza, aliyebadilishwa ni lebo tu.

Nilipomrudia na hizi hoja akawa mkali, mara "muhuri hujauona?", mara "wewe siyo fundi", nikamtumia video ya sufuria akasema nimechemsha kupita kiasi, baada ya hapo kanibloku. Kuhusu muhuri niwaambie kitu, BS 1088 ni kiwango, siyo mtu anayekuja kukagua, kiwanda chochote kinaweza kuchonga mhuri kikagonga. Tafuteni jina la kiwanda na cheti cha mkaguzi wa nje chenye namba unayoweza kuifuatilia. Muhuri wangu ulikuwa maneno matupu, hakuna kiwanda.

Na wengine mtauziwa marinbodi, ile yenye ngozi nyeusi au kahawia inayong'aa, mkaambiwa si ni marini hiyohiyo. Hiyo ni ya kumwagia zege. Imewekewa ile ngozi makusudi ili zege isishike, sasa resini itashika wapi?

Kabla hujalipa omba kipande, hata cha ukubwa wa kiganja, lipia na usafiri mwenyewe. Kata ubavu wake upya kwa msumeno usiamini ubavu aliokata yeye, hesabu tabaka, pima unene (zangu za mm 6 zilikuwa 5 na kidogo), chemsha. Gundi ya kahawia iliyokolea kati ya tabaka ni dalili nzuri ila isikudanganye peke yake, rangi inatiwa. Resini unganisha vijiti viwili uvivunje kesho yake uone kinachovunjika ni nini. Mimi jamaa nilimwomba kipande mwanzoni kabisa, akasema hawakati shiti nzima kwa ajili ya kipande, nikaona ana hoja. Wauzaji wawili niliowaomba baada ya haya yote walinitumia bila hata swali.

Hela sijarudishiwa. Plaiwudi zimekuwa shelfu za stoo, moja tayari imepinda.

Majina anabadilisha kwa hiyo sitawapa jina, angalieni picha: plaiwudi nne zimeegemezwa ukutani kingo za kahawia, dumu la njano mbele, na mkono wenye glavu ya bluu umeshika kale kakichupa.