Uzoefu wangu: AC ya AUTO na milango ya umeme kwenye gari la viti saba kutoka Japani

Gari ni la viti saba, injini ya petroli ya lita 2, mtumba kutoka Japani, AC mbele na nyuma, milango miwili ya kuteleza inayojifungua kwa umeme. Jina la kampuni silitaji, maana karibu yote ninayoandika utayakuta kwenye magari ya Kijapani ya viwanda vingine pia. Kwa ufupi, AC yake ya AUTO (inayojipangia yenyewe ubaridi na feni) ni nzuri kuliko sifa inazopewa mtaani, ila inataka iachiwe kazi yake. Ukiichezea kama AC ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, itakukera. Milango ya umeme nayo ni raha tupu mpaka mchanga uingie relini.

Nianze na kitu ambacho karibu kila dereva hukosea: kushusha mpaka LO. Joto linapangwa kuanzia nyuzi 18 hadi 32, kwa hatua za nusu nyuzi. Chini ya 18 kioo cha paneli ya AC kinaandika LO, juu ya 32 kinaandika HI. LO haina maana ya "baridi zaidi ya 18". Maana yake ni kwamba kompyuta iache kupima: kijilango cha hewa ya moto kifungwe kabisa, feni iende kwa nguvu yote, basi. Gari likiwa limeiva juani, hewa inayotoka dakika za mwanzo ukiweka LO ni ileile utakayoipata ukiweka 24, kwa sababu kwa hali zote mbili mfumo tayari unapoza kwa uwezo wake wote. Tofauti inakuja baadaye. Kwa 24 feni inashuka yenyewe taratibu na kompresa (pampu ya gesi ya AC) inapumzika, kwa LO abiria wanaanza kuomba shuka. Mimi naweka 24 au 24.5 na AUTO, kisha siigusi. Ukibonyeza kitufe cha feni au cha mwelekeo wa hewa, taa ya AUTO inazimika na sehemu uliyoigusa inabaki mikononi mwako hadi ubonyeze AUTO tena. Wengi hawalijui hilo, wanasema AC "haibadiliki".

Tabia nyingine inayowatisha wageni: unawasha gari lililokuwa juani, na feni inakaa chini kwa sekunde chache kabla ya kupanda. Si ubovu. Sensa (kipima joto kidogo) ya evapoleta, yaani kipozea hewa kilicho ndani ya boksi la AC, imeona evapoleta bado ya moto, hivyo kompyuta inaipa kompresa nafasi ya kuipoza kwanza ili usipulizwe hewa ya tanuri usoni. Ukitaka kuharakisha, fungua vioo viwili vya pande tofauti, endesha dakika moja au mbili, funga, kisha weka hewa ya ndani izunguke.

Sasa sensa, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. AC ya AUTO ina macho matatu makubwa ambayo mwenye gari anaweza kuyafikia.

Jicho la kwanza ni tundu dogo lenye vyavu kwenye dashibodi, karibu na usukani. Humo ndani mna sensa ya joto la chumba. Nyuma yake kuna bomba jembamba linaloenda kwenye boksi la AC, na mkondo wa feni ndio unaovuta hewa ya chumbani ipite juu ya sensa. Vumbi likiziba vile vyavu, au fundi wa redio akiling'oa bomba wakati anafungua dashibodi asilirudishe, sensa inabaki inapima joto lililokwama nyuma ya dashibodi. Hapo AC inaamini chumba ni cha moto na inapoza bila kukoma hata ukiweka 27. Kipimo chake ni rahisi: washa feni kwa nguvu, chana kipande cha tishu chenye ukubwa wa kidole gumba, kiweke kwenye vyavu. Kikinata, bomba lipo na linavuta. Kikianguka, pulizia hewa ya kompresa ya gereji kwa mbali, au fungua ukaangalie bomba.

Jicho la pili ni kitone cheusi juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele. Hicho kinapima ukali wa jua. Jua likipiga, mfumo unaongeza ubaridi kabla joto halijapanda chumbani. Ukiweka zulia la manyoya juu ya dashibodi, kama tunavyopenda kufanya ili plastiki isipasuke, umelifumba jicho hilo, na saa saba mchana AC itafanya kazi kama vile ni jioni. Zulia si lazima ulitupe. Likate tundu la ukubwa wa sarafu mahali pa sensa. Stika ya bima na makaratasi ya maegesho nayo yasikae juu yake.

Jicho la tatu liko nje, mbele ya kondensa (redieta ya AC), nyuma ya grili. Ndilo linaloandika joto la nje kwenye kioo cha dashibodi. Kwenye foleni ya Mwenge au Tazara, Dar, linaweza kuonyesha nyuzi 38 wakati nje ni 31, kwa sababu joto la injini na la lami linapanda hapo. Usibishane nalo, kimbiza gari kilomita chache, namba itashuka taratibu, na imepangwa iende taratibu hivyo. Tatizo ni gari lililogongwa kidogo mbele. Bampa linapigwa rangi, linarudi, na soketi ya sensa hairudishwi. Sensa ambayo waya wake haujachomekwa inasomeka kama baridi kali mno, na kompyuta ikiona baridi kali inakataa kuwasha kompresa. Fundi akija anasema gesi imeisha. Gesi ipo. Ukiona joto la nje linaonyesha namba ya ajabu chini ya sifuri, au vistari tu, na hewa haipoi, anzia kwenye bampa.

Gari lenyewe linaweza kukuambia sensa ipi imekufa, bila mashine. Kwenye gari langu ni hivi: zima kila kitu, shikilia kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha, bila kuviachia, weka swichi kwenye ON. Taa zote za paneli zitawaka na kuzima mara nne, halafu namba zinaanza kujitokeza. 00 ni salama. 11 ni sensa ya chumbani, 12 ya nje, 13 ya evapoleta, 21 ya jua, 22 kompresa kukwama. OFF inakutoa. Angalizo moja muhimu: fanya hivyo gari likiwa juani. Ukifanya gereji, chini ya mwembe au usiku, 21 itatokea hata sensa ikiwa nzima, kwa sababu hakuna jua la kulipima. Viwanda vingine vina vitufe vyao tofauti, kwa hiyo njia hii isipojibu usikate tamaa, tafuta ya gari lako.

Kuhusu gesi yenyewe. Kiasi cha R134a (ndiyo gesi ya AC) kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari dogo huchukua gramu 400 na kitu. Gari lenye AC ya nyuma linazidi sana hapo, kwa sababu mabomba ni marefu na evapoleta ni mbili. Fundi anayejaza "mpaka bomba liwe baridi" anakisia. Gesi ikizidi, presha ya upande wa juu inapanda, kompresa inazimwa na swichi ya presha, na unapata baridi barabara ikiwa wazi lakini joto kwenye foleni. Akipima kwa geji, mwambie aweke LO, feni juu, hewa ya ndani, milango wazi, na injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Hewa inayoingia ikiwa nyuzi 30 hadi 35, presha ya upande wa chini inatakiwa iwe psi 22 hadi 36, wa juu 200 hadi 230. Akipima AC ikiwa 25 AUTO, kompresa inaweza kuwa imepumzika na namba zote zikawa za uongo. Hapo tu ndipo LO ina kazi ya maana.

Kabla ya gesi, angalia filta ya hewa ya chumbani nyuma ya boksi la dashibodi upande wa abiria. Magari mengi ya mtumba yanafika na filta iliyojaa majani, au nafasi tupu. Dalili ni feni kupiga kelele nyingi na hewa kutoka kidogo. Mshale wa mtiririko wa hewa kwenye filta ufuate upande ulioandikwa. Kwa barabara za vumbi mimi naibadilisha kila kilomita 10,000, na kuipuliza katikati ya hapo hakusaidii sana. Vumbi laini linabaki ndani ya nyuzi.

Wakazi wa pwani wana kero yao. Asubuhi ya mvua Dar, Tanga au Mombasa, kioo cha mbele kinapata ukungu, unabonyeza kitufe cha kuondoa ukungu na unazidi. Gusa kioo kwa nje: ukungu uko huko. Hewa ya nje imejaa unyevu, na wewe unapuliza baridi kwenye kioo kutoka ndani, hivyo matone ya maji yanajitengeneza kwa nje kama kwenye chupa ya soda baridi. Piga waipa mara moja, geuza hewa ielekee usoni, pandisha joto hadi 26. Ukungu wa ndani, ule wa sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, ni kinyume chake: hapo kitufe hicho ndicho dawa, na AC iwake hata kama unataka joto, maana kompresa ndiyo inayokausha hewa.

Ukisikia tiki-tiki-tiki nyuma ya dashibodi kila unapobadilisha joto, ni mota ndogo ya kijilango cha hewa. Gia zake ni za plastiki na jino likivunjika inaruka. Haihusiani na gesi. Kwanza chomoa betri, rudisha, washa swichi bila kugusa kitufe chochote kwa dakika moja ili mota zitafute mwanzo na mwisho wake. Isipoacha, badilisha mota.

Ila ukichomoa betri ujue unajitafutia kazi nyingine. Vioo vya milango vinasahau AUTO, vinapanda kwa kushikilia tu, na taa ya swichi inaweza kuwa inapepesa. Kuvikumbusha: washa gari, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi juu mpaka kifunge, endelea kuvuta sekunde mbili au zaidi. Fanya kila mlango kwa swichi ya mlango wenyewe, si kwa swichi kuu ya dereva. Kioo kikipanda karibu na mwisho kisha kikarudi chenyewe, kinadhani kimebana mkono. Mara nyingi ni vumbi kwenye raba za pembeni. Futa kwa kitambaa kibichi, ziache zikauke, pulizia silikoni. Oili na grisi hapana, raba inavimba.

Milango ya kuteleza ndiyo sehemu ninayoipa alama nyingi na ndiyo yenye masharti mengi. Haifunguki kwa umeme mpaka gia iwe P au mguu uwe kwenye breki. Mfuniko wa mafuta ukiwa wazi, mlango wa upande huo unagoma, na umewekwa ugome ili usigonge bomba la mafuta. Usimlaumu fundi umeme. Kuna swichi kuu ya kuizima; watoto wakicheza na vishikio, zima, milango inakuwa ya mkono. Baada ya kuchomoa betri, ifunge kwa mkono mpaka ikaze ndipo umeme uikubali.

Adui wake ni mchanga kwenye reli ya chini. Mota inahisi uzito, inalia na kurudisha mlango. Safisha reli kwa brashi ya meno na kitambaa kikavu kila mwezi, kisha silikoni kidogo. Grisi nene inageuza mchanga kuwa msasa unaokula roli. Ukianza kusikia mkwaruzo wa waya ndani ya mlango, acha kutumia umeme siku hiyohiyo. Kebo ya chuma inayovuta mlango inachanika nyuzi moja moja, na ikikatika inajiviringisha kwenye mota. Mara nyingi inauzwa pamoja na mota yake, si bei ya kuchezea.

Milango hii pia inakula betri. Betri iliyopumzika ikiwa chini ya volti 12.4, mlango unaweza kuishia njiani huku taa na redio vinafanya kazi vizuri. Pima betri kabla ya kufungua paneli.

Rimoti ya ufunguo wa gari langu inatumia betri ndogo ya duara, CR2032. Ikiisha, ndani ya rimoti mna ufunguo wa chuma wa mlango wa dereva. Ukiingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia upande wenye nembo, subiri mlio, bonyeza. Saitimira zinazojikunja usizisukume kwa mkono. Ukishazisukuma zitacheza na kutetemeka mpaka uzikunje na kuzikunjua kwa swichi, gia zishikane tena. Redio nyingi za Japani zinaishia 90 hadi 95 MHz, kwa hiyo stesheni zetu nyingi za juu hutazipata bila kifaa cha kuongeza masafa. Fundi akikiweka, simama naye mpaka arudishe bomba la sensa lililo nyuma ya dashibodi, kisha ufanye kile kipimo cha tishu kabla hajaondoka.