Boksi la mapambo ya Krismasi: gundi mawe, na lawama akabebeshwa mtoto

Naandika hasira zikiwa bado kifuani. Mume wangu ameniambia nisubiri zipoe kwanza. Zikipoa nitaandika kwa adabu, na mimi sikufanyiwa adabu.

Siku chache kabla ya Krismasi nilinunua boksi la kazi za mikono za watoto kwenye duka moja la vifaa vya shule hapa Moshi mjini. Shilingi 35,000. Mnaoishi huku mnajua Desemba yetu ilivyo. Shule zimefungwa, mabasi ya Dar yanashusha ndugu asubuhi na usiku, kila nyumba ina watoto wa kwao na wa wageni. Kwangu walikuwa sita, mkubwa miaka kumi na miwili, mdogo minne. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, nakuta wamegombana, wamelia, wamepatana na wamegombana tena. Nilitaka kitu cha kuwakalisha meza moja hata jioni mbili tu. Kwenye kifuniko cha boksi kulikuwa na picha ya nyota, malaika na minyororo ya karatasi, na yule kijana wa dukani aliniambia kwa mdomo wake, "Mama, hili kila kitu kimo ndani, huhitaji kuongeza hata sindano." Kumbukeni hayo maneno.

Tulilifungua kama saa mbili usiku. Watoto walinawa mikono bila kuambiwa mara ya pili, jambo ambalo sijaliona mwaka mzima. Tukatandika magazeti mezani. Binti yangu wa miaka minane ndiye aliyegawa, kila mmoja nyota zake mbili, malaika wake mmoja, glita kidogo kwenye kisosi. Hakujipendelea, nilikuwa namwangalia. Kisha akachukua chupa ya gundi, akaibinya. Hakuna kitu. Akanipa mimi, nikabinya mpaka vidole vikauma. Nikafungua kifuniko, nikatia kijiti cha meno, kikakatika. Gundi ilikuwa jiwe, kuanzia mdomoni mpaka kitako cha chupa.

Chupa zilikuwa tatu, zote hivyo hivyo. Moja niliitumbukiza kwenye maji ya moto kama dakika kumi, ikalainika kidogo pembeni kama ufizi, ikaishia hapo. Gundi nyeupe ya maji hushika kwa maji yake kutoka, na yakishatoka yametoka, huwezi kuyarudisha. Saa hizo maduka yamefungwa. Nikawaambia watoto kesho. Walikwenda kulala wameacha nyota zao kwenye visosi, zimepangwa, kila mmoja na kisosi chake. Yule wa miaka minne alitaka kulala nacho.

Asubuhi yake, kama saa nne, nikashuka mjini na binti yangu. Alisema boksi ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyelichagua, kwa hiyo yeye ndiye atakayelibeba. Duka limejaa. Nikasubiri zamu yangu, nikasalimia vizuri.

"Kaka, habari za asubuhi. Jana nimechukua boksi hili hapa kwako. Gundi zake zote zimekauka."

Hakuliangalia. "Mama, si umeshalifungua?"

"Sasa kaka yangu, ningejuaje imekauka bila kufungua?"

"Bidhaa ikishauzwa haipokelewi. Soma hapo." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Sitaki hela. Nibadilishie gundi tu. Hata chupa moja, watoto wamalizie."

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka mikono inatetemeka. Aliniacha mimi mtu mzima niliyekuwa nazungumza naye, akainama juu ya kaunta mpaka usawa wa uso wa mtoto, akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Kumbe ni wewe? Umechezea gundi usiku kucha, hukufunga, imekauka. Sasa unamtia mama yako hasara."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Binti yangu hakumjibu yule kijana. Aligeuka kwangu, machozi yameshajaa, akaniambia taratibu, "Mama, mimi nilifunga."

Alifunga. Nilikuwepo. Na hata kama asingefunga, sikilizeni. Chupa za aina ile zina ncha ya plastiki juu ambayo lazima uikate kwa wembe ndipo gundi itoke. Tuliyoikata ilikuwa moja. Mbili nyingine ncha zake zilikuwa nzima, hazijaguswa na wembe wala na jino, na ndani ni mawe vile vile. Nilizitoa kwenye boksi, nikaziweka moja moja juu ya kaunta mbele yake. Nikamwambia, tazama hizi, mtoto aliziacha wazi vipi wakati hazijawahi kufunguka? Na chupa nzima ya gundi haigandi mpaka chini kwa usiku mmoja, hata Moshi hii ya Desemba na joto lake. Ile imekaa miezi, pengine misimu miwili mitatu, kwenye stoo chini ya bati. Hakuzigusa. Alishageukia mteja mwingine. "Dada, wewe ulikuwa unataka nini?" Mimi nimesimama hapo hapo.

Na ile karatasi ya ukutani naomba tusiiogope. Kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyoleta Tume ya Ushindani, FCC, na kazi mojawapo ya tume hiyo ni kumlinda mlaji. Siyo kila kinachobandikwa ukutani na mwenye duka ni sheria. Risiti ya mashine ninayo, ina tarehe na saa. Sijakwenda popote bado. Nasema tu kwamba ninayo.

Niseme ukweli mwingine, kwa sababu sipendi kumsingizia mtu. Nyota za lile boksi ni nzuri. Manila yake ni nene, imekatwa safi, pembe zote tano zimenyooka, haijikunji hata ikishikwa na mikono yenye jasho. Malaika nao wamechorwa kwa upendo. Kulikuwa na watu wa theluji wawili ambao sikuwaelewa, maana watoto wa Moshi theluji yao iko Kibo, kileleni Kilimanjaro, wanaitazama asubuhi mawingu yakifunguka, na hakuna aliyeifinyanga. Lakini hilo dogo, watoto waliwapenda hivyo hivyo. Kama lile boksi lingekuwa na gundi mbichi, leo ningekuwa naandika kuwaambia mkalinunue. Kwa nyota peke yake naona lina thamani ya kama 15,000. Labda 20,000.

Mwisho wake tulipanda Kibosho kwa mama yangu, boksi tumelibeba. Kumweleza tu, akaguna, akaenda jikoni. Kikombe kimoja cha unga wa ngano. Aliuvuruga kwanza kwa maji baridi mpaka ukawa laini bila bonge, ndipo akaumimina kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, vyote kwa jumla kama vikombe vitatu, moto mdogo, huku anakoroga bila kuacha. Ulipoanza kung'aa kama uji mzito akaepua, akatia kijiko cha chumvi usiote ukungu upesi. Ukapoa. Basi, gundi hiyo. Inashika manila, inashika gazeti, inashika pamba, na mtoto wa miaka minne akiilamba hakuna wa kumkimbiza hospitali. Kasoro yake ni moja, ukiipaka nyingi karatasi inalowa na kujikunja, kwa hiyo wape watoto brashi au kipande cha kitambaa, wasitumie kiganja. Kitu kingine ni kwamba haikai zaidi ya siku tatu nne. Unapika ya kutosha siku hiyo, unamaliza.

Tulipopata gundi ndipo kazi ikaanza kweli, na mengi hayakutoka kwenye boksi. Mama alitaka pango, lile la kuzaliwa Yesu. Sisi tumekua na pango, kila Krismasi baba alikuwa anakung'uta mfuko wa saruji, ule wa karatasi, anaufinyanga ngumi, anaukunjua, anaupaka majivu na rangi ya kijani mpaka unakuwa mwamba kabisa. Siku hizi mifuko mingine ni ya plastiki, haifai, kwa hiyo ukiupata wa karatasi uutunze. Watoto walitaka kujua pango lilianzia wapi, mama akawasimulia habari za Mtakatifu Fransisko wa Assisi, jinsi mwaka 1223 kule Greccio, Italia, alivyotengeneza hori lenye nyasi na kuweka ng'ombe na punda wa kweli ili watu waone kwa macho. Kusikia punda wa kweli, wakataka punda.

Punda tulimtengeneza kwa maganda makavu ya mgomba, yale yanayojibandua yenyewe shinani. Unayalowesha kidogo yasivunjike, unakunja la kiwiliwili, unafunga kwa uzi wa hilo hilo ganda, miguu unaitia vijiti. Kijana wangu wa miaka kumi na miwili, ambaye simu haimtoki mkononi, alikaa chini ya mgomba kuanzia saa tano mpaka jua likaanza kushuka. Alitoa punda wawili, ng'ombe mmoja na kitu anachosema ni ngamia wa mamajusi. Nyota za manila zikapakwa glita, zikatundikwa juu ya pango kwa uzi. Wale watu wa theluji wawili wakawekwa mlangoni kama wachungaji. Mama aliwavalisha vipande vya kitenge.

Mnaona sasa kwa nini nasema boksi halikuwa baya? Nilianza kulainika. Mdogo wangu aliyetoka Dar alinisema pia. "Dada, yule kijana anasimama kuanzia asubuhi, msimu huu watu wanamtukana kutwa nzima, pengine ile gundi hata si yeye aliyeiingiza dukani." Nikakubali. Nikasema kweli, mtu huchoka. Nilikuwa tayari kuliacha jambo hili kabisa, na kama mtu angeniuliza jioni ile ningemwambia kanunue tu, ila gundi upike mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichonirudisha. Usiku ule ule, tumemaliza kula, binti yangu alipeleka chupa ya mafuta kabatini. Akarudi. Akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, nimeifunga vizuri? Njoo uone." Nikaenda nikaona, imefungwa. Kesho yake dawa ya meno, "Mama njoo uone." Kisha ndoo ya maji. Kisha sufuria ya gundi ya bibi yake, ambayo haina hata kifuniko, aliifunika sahani na kuweka jiwe juu. Na gundi yenyewe hakuigusa. Nyota zote alizopaka alipakiwa gundi na binamu zake, yeye akanyunyiza glita. Mtoto aliyegawa vitu vya watu sita bila kujipendelea sasa anaogopa chupa, kwa sababu mtu mzima alimwambia mbele ya watu kosa ambalo hakulifanya, na watu wakacheka.

Kwetu Uchaggani mtu akikukosea akataka muyamalize, analeta isale, lile jani la kijani limefungwa fundo, na ni vigumu sana kumkataa mtu aliyeshika isale. Mimi sikutaka hata hilo. Nilitaka neno moja tu, tena siyo kwangu. Ainame tena vile vile juu ya kaunta, kwa sauti ile ile, amwambie mtoto, "Pole, siyo wewe." Gundi ya 2,000 ningeinunua mwenyewe.

Kwa hiyo narudisha maneno yangu ya kule juu kuhusu nyota. Nzuri ni nzuri, lakini msinunue. Manila inauzwa kila duka la vifaa vya shule, mkasi mnao, unga wa ngano mnao. Na kama ni lazima mlinunue, fungueni pale pale kaunta, kateni ncha, binyeni gundi mbele ya macho ya muuzaji kabla hamjatoa hela. Akikataa, muacheni nalo.

Zile chupa mbili zenye ncha nzima sijazitupa. Zipo kwenye mkoba wangu pamoja na risiti. Jumatatu nina ruhusa ya nusu siku kazini, narudi pale dukani. Safari hii nataka kuonana na mwenye duka mwenyewe, na binti yangu amesema atakuja.